Mama Mvua: Fundi anayeweka sikio ukutani

Ni asubuhi, jua bado halijafika dirishani, na Mama Mvua amesimama peku juu ya vigae vya bafu la watu. Suruali ameikunja hadi magotini. Shingo ameiinamisha upande, kama mtu anayesikiliza umbea wa chumba cha pili. Juu ya kichwa chake shawa inatoa maji. Kutoa ni neno la heshima. Inadondosha.

"Hii si mvua," anasema huku akikinga kiganja. "Haya ni machozi ya mtu aliyelazimishwa kulia."

Mwenye nyumba, bibi mwembamba aliyejifunga kitambaa kichwani, anacheka akiwa mlangoni, kisha anashika kiuno. Mgongo unamsumbua. Kwa wiki kadhaa sasa amekuwa akichemsha maji jikoni, akiyamimina kwenye ndoo na kuiburuta ndoo hiyo koridoni hadi hapa, ili mumewe aoge.

"Mafundi wameshakuja," anaeleza. "Wa kwanza akaniuzia kichwa kipya cha shawa. Wa pili akasema ni tangi. Wa tatu akagonga ukuta hapa na pale, akasema bomba limeoza ndani, vigae vyote vitoke. Kijana wangu mkubwa ameshamwita mwashi. Anakuja kesho na nyundo."

"Na vigae vikitoka, mtaogea wapi?" anauliza Mama Mvua.

"Kwake. Anataka tuhamie kwake. Kwa muda tu, anasema." Bibi anashusha sauti na kutupa jicho upande wa chumba cha kulala. "Watoto wangu nawajua, nimewazaa mwenyewe. Hiyo 'kwa muda' yao haina kurudi."

Mama Mvua anafunga maji, anajifuta mikono kwenye suruali, na kuanza kazi.

Mtaa mzima unamwita bibi huyu Mkunga, kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya mpaka akastaafu, na nusu ya vijana wanaopita mbele ya geti lake walipokewa na mikono yake. Mumewe wanamwita Dereva. Aliendesha malori ya mizigo tangu ujana mpaka macho yakamwambia basi. Nyumba hii aliijenga kidogo kidogo: akirudi safari na chochote, kinaingia ukutani. Siku hizi miguu yake haimtii sana, na muda mwingi anakaa chumbani na redio.

Wazee hawa hawakumpata Mama Mvua kwenye tangazo. Walielekezwa na jirani, na jirani naye alielekezwa. Ndivyo anavyopatikana.

"Mimi siulizi bomba kwanza, namuuliza mtu," anamwambia mwandishi wa makala haya, kisha anamgeukia Mkunga. "Mama, maji yalipungua taratibu, au ghafla?"

Mkunga anafikiri. "Ghafla. Leo yapo, kesho yake hayapo."

"Ahaa."

Hiyo "ahaa" ina uzito wake. Maji yakipungua taratibu, mwezi hata mwezi, mara nyingi ni ule ukoko mweupe wa chumvi unaoziba matundu ya shawa. Yakipungua ghafla, kuna kitu kimesogea mahali fulani.

Anakwenda jikoni na kufungua bomba. Maji yanaruka mpaka kwenye shati lake. Anarudi bafuni na kufungua bomba la sinki, lililo hatua moja tu kutoka kwenye shawa. Nalo linanguruma.

"Tangi halina kosa," anasema. "Tuliachie huru."

Anazungushia kitambaa shingo ya shawa ili spana isiikwaruze, anafungua kichwa na kukitazama kwenye mwanga. Matundu machache yameota ukoko mweupe. Anaomba bakuli na siki, anakizamisha humo, kisha anafungua maji bila kichwa. Kama kichwa ndicho kilichokuwa kinabana, sasa maji yangebubujika. Hayabubujiki. Yanatoka ule utepe uleule mwembamba, yakijikongoja.

Anafungua koki iliyo ukutani, ile ya kuzungusha mtu anapotaka kuoga. Mpira wake wa ndani uko salama. Anairudisha, anageuza ndoo, na kuikalia.

"Sasa nakaa kidogo," anasema. "Fundi akianza kupandwa na hasira, ukuta ndio unaoumia."

Jina la Mama Mvua alipewa na watoto. Nyumba moja ilikaa bila shawa mpaka wadogo wa pale wakasahau jinsi inavyofanya kazi. Alipoitengeneza na kuifungua, watoto wakaingia chini yake na nguo zao, wakatoka mbio nje wakipiga kelele kwamba kuna mama ameleta mvua ndani ya nyumba. Jina likamganda. Hata benki, anasema kwa utani, wangemwita hivyo kama angekuwa na sababu ya kwenda huko.

Kazi hii hakuisomea. Alikuwa msichana wa kazi kwenye nyumba ya familia moja, na shawa ya nyumba hiyo ilikuwa na tabia ya ajabu. Fundi bomba, kijana mmoja mrefu mwenye meno ya mbele yaliyoachana, alikuwa akiitwa, anatengeneza, maji yanatoka vizuri. Baada ya siku chache, yamepungua tena. Anaitwa tena.

"Mwenye nyumba alianza kulalamika kwamba mabomba ya siku hizi hayana maana," anasimulia. "Mimi nikajiuliza, mbona kila akiondoka anapitia nyuma ya nyumba? Siku moja nikaenda kuangalia. Kulikuwa na koki ya kufungia maji ya upande wa bafu, ile wenyewe wanaiita geti valvu. Ameifunga nusu! Nikaifungua mpaka mwisho."

Kijana alipokuja tena bila kuitwa, alimkuta msichana mlangoni.

"Nikamwambia, fundi, leo shawa nzima. Umekuja kufanya nini? Akajikuna kichwa. Akasema, nimekuja kuuliza kama umechumbiwa."

Wamezaa watoto watatu, wote wameshaanza maisha yao. Mumewe, ambaye yeye humwita Fundi Mkubwa, anaikana hadithi hiyo kwa nguvu zote. "Uongo mtupu," alimwambia mwandishi alipotembelewa nyumbani. "Ile koki ilikuwa inateleza yenyewe." Mkewe akamwangalia tu. Mume akaongeza, "Basi iliteleza kwa bahati nzuri."

Mwanzoni alikuwa akimpasia spana tu. Akaanza kuijua inayohitajika kwa sauti ya kazi, akampasia kabla hajaombwa. Kisha magoti ya Fundi Mkubwa yakaanza kukataa ngazi, na siku moja alipokuwa chini ya tangi la mteja, akitazama juu, mkewe akamvua mkanda wa vifaa, akaufunga kiunoni mwake na kupanda. Mume alisimama chini akitoa maelekezo kwa sauti mpaka majirani wakatoka nje. Mke alikuwa ameshamaliza.

Haikuwa rahisi. Kuna mageti mengi aliyobisha na kuulizwa, "Fundi yuko wapi?"

"Nawaambia, unaongea naye. Wanachungulia nyuma yangu. Nami nageuka nachungulia, labda kweli kuna mtu."

Wapo waliofunga geti. Wapo waliofungua, kisha wakasimama mlangoni mwa bafu mwanzo mpaka mwisho wakimlinda kama mwizi. Na kuna majira ambayo simu yake hailii kabisa, maana maji ya mtaa yakikatika, naye anakatika. Hakuna anayeita fundi bomba kuja kutazama bomba kavu. Nyakati hizo Fundi Mkubwa huketi kibarazani akifufua koki kuukuu za watu, na ndizo zinazowasogeza. Maji yakirudi na tope lake, simu hailali.

Mama Mvua ananyanyuka kutoka kwenye ndoo. Anachukua bisibisi ndefu kuliko zote alizonazo, anaweka ncha yake ukutani na mpini sikioni. Anamwomba Mkunga afungue shawa na kuiacha wazi.

"Maji yanayopita sawasawa yananong'ona," anaeleza, macho ameyafumba. "Yakibanwa mahali, yanapiga mluzi. Naufuata huo mluzi."

Anaufuata kutoka chini ya koki hadi kona ya bafu, anatoka koridoni, anapapasa ukuta kama mtu anayetafuta swichi gizani. Mkunga anamfuata. Mwandishi anamfuata Mkunga. Msafara unaishia kwenye mlango wa chumba cha kulala.

Dereva ameketi ukingoni mwa kitanda, mzee mpana wa mabega, redio iko mapajani. Inasoma habari ambazo haonekani kuzisikiliza.

"Bafu liko kule, mwanangu," anasema. "Umepotea njia."

"Shikamoo Baba. Sijapotea. Nafuata bomba."

"Marahaba. Huku hakuna bomba."

Mama Mvua anaweka bisibisi kwenye ukuta unaopakana na bafu. Anasogea. Anasogea tena. Anasimama mbele ya kabati la nguo la mbao, refu hadi karibu na dari.

"Humu ndani kuna nini, Baba?"

"Makoti yangu."

"Makoti hayapigi mluzi."

Mzee anaongeza sauti ya redio kidogo, kisha anaipunguza. Mama Mvua anamtazama usoni, na hapo, kwa maelezo yake mwenyewe baadaye, ndipo alipojua. Anamgeukia Mkunga.

"Mama, nisaidie kitu. Kile kichwa cha shawa kilicho kwenye siki, kisugue na mswaki wa zamani. Tundu kwa tundu, usiharakishe."

Mkunga anakwenda, akifurahi kupata kazi ya kufanya. Mama Mvua anafungua kabati na kusogeza makoti. Kabati halina ubao wa nyuma; kuna kidirisha cha mbao ukutani, na ndani ya kidirisha, koki ya kufungia maji ya shawa, yenye gurudumu dogo jekundu. Dereva mwenyewe ndiye aliyeagiza iwekwe hapo enzi za ujenzi, na hapakuwa na mtu mwingine aliyeikumbuka. Buibui amejenga kila mahali isipokuwa kwenye gurudumu. Gurudumu linang'aa.

Mama Mvua haligusi. Anakaa chini sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye kabati, miguu ameinyoosha, kama mtu aliyekuja kuongea na baba yake.

"Koki haijifungi, Baba."

Dereva anazima redio.

"Nilianguka," anasema.

Sauti ni ndogo kuliko mwili wake.

"Mwenzangu alikuwa ametoka. Sabuni ilianguka, nikainama kuiokota, nikajikuta niko chini, sijui nimefikaje. Maji yananipiga usoni tu. Nikajaribu kunyanyuka, hakuna cha kushika. Kigae kinateleza, ukuta unateleza. Mimi, niliyeshusha malori yamejaa saruji kwenye miteremko ambayo wenzangu walikuwa wanaikimbia! Nimelala chini, nashindwa na sabuni."

"Ulitokaje?"

"Nilitambaa. Kama mtoto. Nikajifuta, nikavaa, nikakaa hapahapa. Aliporudi nikamwambia nina usingizi."

"Kwa nini hukumwambia kweli?"

"Nikimwambia, atawaambia watoto. Watoto wakisikia, wananihamisha. Na wanakonipeleka ni kuzuri, sikatai. Lakini si kwangu." Anaipapasa redio kama mtu anayetafuta kitufe. "Ndoo ina nafuu, mwanangu. Unakaa kwenye kigoda, unaoga, umemaliza. Shawa ikiwa mbovu hakuna anayeuliza sana. Mtu akiwa mbovu, maswali hayaishi."

"Lakini kesho mwashi anakuja na nyundo."

"Najua."

"Na mnahama."

"Najua. Nimekimbia mvua, nimejitosa mtoni." Anacheka kidogo, bila furaha. "Nilidhani watachoka tu, watatuacha na ndoo yetu. Sikujua watachukulia shawa kuwa jambo kubwa hivi."

Mama Mvua anageuza sikio mlangoni. Kutoka bafuni inasikika sauti ya mswaki ukisugua chuma.

"Baba, mimi naweza kuifungua sasa hivi," anasema. "Maji yatarudi. Nitamwambia Mama kulikuwa na uchafu kwenye bomba, na si uongo sana, bomba gani halina uchafu? Nitafunga mkoba wangu niondoke. Lakini kesho asubuhi utaambiwa ukaoge, shawa imepona. Utasimamia nini?"

Mzee anaitazama miguu yake.

"Na Mama je? Na mgongo ule?"

"Unadhani sisikii?" Sasa macho yake yamejaa maji. "Namsikia anavyoiburuta hiyo ndoo. Anafika pale katikati ya korido, anasimama, anahema. Kila siku naisikia ile pumzi. Naishika redio, naongeza sauti."

Anajifuta uso kwa kiganja kizima, kama mtu anayenawa.

"Mwite," anasema.

Mkunga anakuja na kichwa cha shawa mkononi, kinadondosha siki sakafuni. Dereva anamweleza yote kwa pumzi moja, macho yake yakiwa kwenye makoti.

"Ubavu wako wa kulia," anasema Mkunga. "Ulikuwa umevilia damu, rangi ya zambarau. Niliuona ulipokuwa unabadilisha shati. Nikajisemea, nisimkurupushe, ataniambia akiwa tayari. Nimengoja. Kila nikikuletea maji nangoja, labda leo. Kumbe mwenzangu umepanga njama na koki!"

"Mke wangu..."

"Dereva! Mgongo wangu! Mgongo wangu huu mmoja!"

Amekiinua kile kichwa cha shawa juu, na kwa sekunde moja haieleweki kitatua wapi.

"Mama, hicho usikirushe," anadakia Mama Mvua kutoka sakafuni. "Ndicho tunachokihitaji."

Mkunga anakitazama kama aliyeshangaa kukikuta mkononi. Kicheko kinamtoka, kibaya, kimechanganyika na kilio, na anakaa kitandani kando ya mumewe.

"Nimewashika watu wangapi wakiwa uchi, wanalia, wanatukana?" anamuuliza. "Nimeshindwa vipi kukushika wewe?"

Dereva anamgeukia.

"Wale uliwakuta wameshalala kitandani. Mimi uliniona nikiwa na nguvu zangu."

Mkunga anauchukua mkono wa mumewe na kuuweka kwenye paja lake lililolowa siki.

Ni Mama Mvua anayewakatiza, na anawakatiza kifundi. Anaingiza mkono kabatini na kuzungusha gurudumu jekundu. Huko bafuni, ambako bomba liko wazi bila kichwa, kitu kinakohoa mara mbili, kisha maji yanaachia kwa kishindo na kupiga ukuta wa pili. Wote wanne wanakimbilia bafuni, kila mmoja kwa mwendo wake. Mwandishi ndiye aliyelowa zaidi.

Kisha fundi anaeleza anachokiona. Ukuta ni mzima. Kinachohitajika ni chuma cha kushikia, kirefu, kimoja karibu na shawa na kingine mlangoni. Kiti kifupi chenye mipira miguuni. Zulia la mpira sakafuni. Na shawa yenyewe ishushwe, iwekwe kwenye mpira mrefu unaopinda, ili mtu akikaa, maji yamfuate alipo.

"Na mlango usifungwe kwa ndani," anaongeza Mkunga.

"Usifungwe," anakubali Dereva. "Lakini mtu asichungulie."

"Nikuchungulie nione nini nisichokijua?"

Dereva ndiye anayempigia simu mwanawe, na anakataa simu ishikwe na mtu mwingine. "Nilianguka bafuni," anasema. "Hapana, siku nyingi. Hapana, sikuumia. Nisikilize kwanza. Sihami. Mwambie mwashi aache nyundo, aje na mashine ya kutobolea." Upande wa pili inasikika sauti ya kijana, iliyolainika ghafla: "Sawa, baba. Nitakuja naye mimi mwenyewe."

Kesho yake mwashi alikuja, na kijana alikuja, akabeba vyuma na kupima urefu kwa mkono wa baba yake mwenyewe, maana Mama Mvua alikataa kutumia futi. "Futi haiogi hapa," alisema. Dereva alikaa kwenye kiti kipya akiwa na nguo zake zote, akanyoosha mkono alivyopenda, na pale vidole vilipogusa ukuta ndipo pakawekwa alama.

Vyuma vilipokazwa, Mama Mvua alijining'iniza kwenye kila kimoja kwa uzito wake wote, na yeye si mtu mwepesi. Havikutikisika. Mzee akaingia kuoga.

Huko koridoni kila mtu alijifanya ana shughuli. Kijana alikuwa anasoma simu iliyozimika. Mkunga alikuwa ameshakunja taulo, akalikunjua, akalikunja upya. Maji yakafunguliwa. Kwa muda haikusikika sauti nyingine, na Mkunga akasogea hatua moja karibu na mlango. Ndipo mluzi ukaanza, safari hii si wa bomba. Dereva alikuwa anapiga mluzi wa barabarani, ule wa mtu aliye peke yake kwenye usukani na njia ni nyeupe mbele yake.

Mara ukakatika.

"Fundi!"

Wote walishtuka.

"Abee, Baba!"

"Maji makali haya! Unataka kunichuna ngozi?"

Mama Mvua alikwenda kabatini, akaingiza mkono nyuma ya makoti. "Hapo?"

"Punguza kidogo!"

"Hapo?"

"Hapohapo. Usiguse tena!"

Mkunga alicheka mpaka akakaa sakafuni, na ikabidi mwanawe amnyanyue.

Mwandishi alirudi kwenye nyumba hiyo baada ya muda. Ndoo ilikuwa nje, imejaa udongo, na mche wa pilipili ulikuwa umeanza kuchomoza ndani yake. Dereva alikuwa kibarazani, amenyoa ndevu, shati limepigwa pasi. Alipoulizwa hali, alisema anaoga mara mbili kwa siku, na ya jioni haina sababu yoyote.

Tukio lile limeubadilisha mwendo wa Mama Mvua kazini. Zamani akiingia bafuni macho yake yalikuwa yanakwenda juu, kwenye shawa. Sasa yanaanza chini. Anatazama sakafu, anatazama ukuta, anatafuta mahali ambapo mkono wa mtu mzima ungeshika. Kisha anauliza, bila haraka, nani anaishi humu na anaogaje.

"Nimepita nyumba nyingi sana nikatengeneza maji nikaondoka," anasema. "Maji yalikuwa yanatoka vizuri. Lakini sikuuliza kama yupo mtu anayeyaogopa."

Mpango wake ni kuwarudia. Ameshakubaliana na yule mwashi: kila wiki watenge siku, wapite kwa wateja wake wa zamani wenye wazee, waweke vyuma vya kushikia. Wenye uwezo watachangia gharama, wasio na uwezo watachangia chai. Wanatafuta mtu wa kuwachomelea vyuma hivyo kwa wingi, na binti yake wa mwisho, anayeishi mji mwingine, anawaulizia.

Lakini nyumba ya kwanza kwenye mpango huo, anasema, ina mteja mgumu.

Anasema hayo akiwa ameketi jikoni kwake, mlango umerudishwa nusu. Kibarazani Fundi Mkubwa anasikika akigonga koki ya mtu na kuisema kwa ukaidi wake.

"Magoti yake yamekwisha. Akitaka kunyanyuka bafuni, anashika sinki. Anadhani sijui. Lile sinki limelegea ukutani, nalikaza, baada ya siku chache limelegea tena. Nikimtajia chuma cha kushikia, anakuwa mkali. Eti hicho ni cha wazee."

Kwa hiyo amepanga. Chuma ameshakinunua, kiko chini ya kitanda, kimefungwa kwenye shuka. Atamwambia ni cha kwake. Atamwambia nyonga yake inauma, anaogopa kuteleza, na amwekee yeye, maana hawezi kumwamini mwashi yeyote kwa kazi hiyo.

"Atapima mara kumi," anasema. "Atatafuta skrubu nzito kuliko zote. Kikiwa changu, hatakubali kilegee hata kidogo."

Na akiisoma makala hii gazetini?

Mama Mvua anaziba mdomo ili kicheko kisifike kibarazani.

"Yeye husoma kurasa za mpira tu. Hizi nyingine anafungia koki." Anasikiliza kidogo ile nyundo ya nje, inayogonga taratibu, ikipumzika, ikigonga tena. "Akishakiweka, nitakishika mimi kwanza wiki nzima, mbele yake. Siku moja atajisahau, atakishika naye. Sitasema kitu. Tutazeeka nacho wote wawili."